D yetu sio D yenu

Watu wa Kampala wanajua kusoma herufi moja vizuri sana. Hatuwasifu bure. Nenda soko la Bukoto uulize bei ya viatu kwa meseji, utajibiwa "30K", na hakuna atakayedhani ni kilo thelathini. K hiyo hiyo ikitokea kwenye majibu ya damu, mtu wa maabara anajua ni potasiamu, maana wanasayansi walilifupisha jina lake la Kilatini, kalium. Dalali wa Kisaasi akikuandikia kiwanja "80M", hausomi mita, unasoma milioni, halafu unacheka na kuzima simu. O kwenye kadi ya damu ni grupu ya damu, na O kwenye matokeo ya S.6 ni kitu kingine kabisa. Kila mtu anaangalia kwanza herufi imekaa wapi, ndio anaisoma.

Sasa jamani, inakuwaje mtu huyu huyu, akipewa karatasi ya shule kutoka Bukavu au Bunia, ile akili inazima?

Tuchukue D. Sisi tuliomaliza sekondari Kongo tunaandika kwenye CV kwamba tuna "D6". Ni D ya diploma, ile diploma ya Leta unayoipata ukipita Exetat, na 6 ni miaka sita ya sekondari. Kila mtu kule anaelewa, hata muuza mkaa. Mwenzetu mmoja alipeleka CV ya namna hiyo kwenye chuo kimoja hapa mjini, akaomba kozi ya umeme. Aliyeipokea akaangalia, akamwambia D zinaishia 2, hakuna D6, hii karatasi umeinunua wapi? Mbele ya watu. Hakumuuliza "D6 ni nini kwenu?" Swali hilo lingechukua nusu dakika.

Tunaelewa D yake ilitoka wapi. Kwenye mitihani ya UNEB, D1 na D2 ndio alama za juu kabisa, D ya "distinction". Baada yake zinafuata C3 mpaka C6, halafu P7 na P8, na mwisho F9 ya kuanguka. Ukikulia kwenye mfumo huo, D6 inasikika kama Jumatatu ya nane. Sawa. Lakini mfumo huo wenyewe hauna D moja! Mtoto wa P.7 akipata D1 nyumbani kunapikwa kuku. Akifika S.4, tangu mtaala mpya ulipotahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, alama ni A mpaka E, na D imeshuka, iko ya pili kutoka chini. Akienda S.6, D inampa pointi 3, wakati A ni 6 na ile O niliyoitaja ni 1 tu. Bodi moja, nchi moja, mtoto mmoja, na D tatu tofauti. Na wazazi wa Kiganda wameshazoea, hakuna anayemfokea mtoto wake kwamba amefoji.

Basi uwezo wa kuelewa upo. Kinachokosekana ni nia, na inakosekana pale tu mwenye karatasi anapokuwa mkimbizi.

A ndiyo inauma zaidi. Hapa A ni shangwe. Kwenye vyuo vikuu vya kwetu, vile vinavyofuata mfumo wa zamani wa Kibelgiji, A kwenye orodha ya matokeo ni "ajourné", yaani haujapita, rudi ufanye tena. Anayepita anaandikiwa S ya "satisfaction", na D ni "distinction", alama ambayo wachache wanaifikia. Kwa hiyo dada aliyepata D chuoni Goma anaweza kukaa mbele ya mwajiri anayemhurumia, na aliyepata A akapongezwa! Tunacheka tukiwa wenyewe, lakini kicheko hicho hakilipi kodi ya nyumba.

Tena kuna asilimia. Exetat unapita kwa 50. Mtu akipata 65, familia inammwagia poda kichwani, wanatembea naye mtaa mzima akiwa mweupe kama aliyetoka kwenye unga. Hapa mtu anaiona 65, anakunja uso: "Mbona umefanya wastani?"

Wengine watasema: mmekuja nchi ya watu, jifunzeni herufi za watu. Tumejifunza. Aya mbili zilizopita ni ushahidi. Wengine watasema: si mtafsiri yupo? Yupo, na tunamlipa. Anageuza Kifaransa chote kuwa Kiingereza, anapiga muhuri, na herufi anaiacha vilevile ilivyo. A inabaki A, S inabaki S. Kumbe katika karatasi nzima, neno gumu kuliko yote lilikuwa hilo la herufi moja, na ndilo peke yake ambalo halikutafsiriwa. Watafsiri, wengi wenu ni kaka na dada zetu, tunawaomba: wekeni mstari mmoja chini ya ukurasa, A ni nini, S ni nini, unapita kwa ngapi.

Kuna njia rasmi, hatukatai. Karatasi za sekondari zinalinganishwa na UNEB, ofisi iko Ntinda, kutoka Bukoto unafika kwa mguu. Za chuo kikuu zinaenda baraza la elimu ya juu, NCHE, Kyambogo. Nendeni, msikae na karatasi chini ya godoro. Lakini kulinganisha kunalipiwa, na anayekosa ada ya kozi atakosa na ada ya kuthibitisha kwamba anastahili kozi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataja kutambuliwa kwa vyeti vya nje, na unataja pia kupunguziwa ada, kwa namna isiyo chini ya wanavyotendewa wageni wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 imeyabeba hayo hayo. Mashirika yanayotuita kila mwezi kwenye semina za kuandika CV yangelipia ulinganisho wa vijana kumi badala ya soda na vitenge vya semina moja, tungeona tofauti.

Na wale wetu wanaoshauri vijana wafiche diploma, waanze upya S.1 wakiwa na miaka ishirini na mbili ili "wasisumbuliwe", tafadhali acheni. Miaka sita ya mtu haifutwi kwa sababu karani hajui kuuliza.

Ninyi mnaotangaza nafasi, msiandike "D2 ya Kiingereza" mkaishia hapo. Andikeni mnataka mtu aweze kufanya nini: kujibu barua, kusoma mchoro wa umeme, kuongea na mteja. Halafu ongezeni, "au kiwango sawa kutoka nchi nyingine." Na karatasi ikija na herufi msiyoijua, namba ya mwenyewe iko juu ya CV. Mpigieni.