Kompyuta Kuukuu: Ugonjwa wa Mwili au Kukosa Mkalimani?

Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka Masoro, mjini Kigali. Mama mmoja wa huko alimnunulia binti yake wa kidato cha sita kompyuta ya mapajani iliyokwisha kutumika, iliyotengenezwa mwaka 2011 na kuletwa kutoka Ubelgiji. Ilifanya kazi vyema hadi mpwa wake alipoifuta na kuitia Windows upya. Tangu siku hiyo, aliandika, kompyuta imekufa mara tatu: kibodi inaandika herufi zisizo zake, kioo kimekuwa na picha kubwa zilizofifia, na mtandao hauonekani kabisa. Fundi mmoja aliitazama kwa muda mfupi akatamka kwamba ubao mkuu umeungua na matengenezo yatagharimu faranga 85,000. Mama akauliza: nilipe, au niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?

Swali hili si la mama huyu peke yake. Masoro ndiko liliko Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, ambamo kampuni ya Positivo BGH ilianza kuunganisha kompyuta za mapajani mwaka 2015. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati nacho kina majengo yake huko. Penye wanafunzi wengi na kompyuta nyingi, hapakosi kompyuta kuukuu zinazopita mkono hata mkono. Nasi tuliona yafaa kwenda kuiona mashine yenyewe kabla ya kujibu. Tukaenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tukiwa na flashi moja na bisibisi ndogo.

Tulianza na kibodi kwa kuwa bila kibodi hakuna linalowezekana. Binti alibonyeza A, kiooni ikatokea Q. Alipobonyeza M, ikatokea nukta-mkato. Mwenye kuzoea kompyuta za Ubelgiji na Ufaransa atakuwa amekwisha tambua. Vitufe vya nchi hizo havikupangwa kama vya Kiingereza: mahali Mwingereza anapoweka Q, wao huweka A. Mpwa alipoitia Windows upya alichagua mpangilio wa Kimarekani bila kujua, hivyo mashine ikawa inasoma kila kitufe kwa mahali kilipo, wala si kwa herufi iliyochorwa juu yake. Tulifungua mipangilio ya lugha, tukaongeza kibodi ya Kifaransa cha Ubelgiji, na kifo cha kwanza kikaisha kwa muda usiozidi dakika mbili. Mama alikuwa ameambiwa anunue kibodi mpya! (Hilo pia huwafungia watu milango ya akaunti zao: neno la siri huandikwa sawa na vidole, lakini mashine hupokea jingine.)

Kioo na mtandao vilihitaji subira zaidi. Hapa hatuna budi kueleza kitu ambacho mafundi hukiita draiva. Msidhani ni dereva wa lori. Kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vilivyotengenezwa na viwanda mbalimbali, na kila kifaa kina lugha yake. Windows haizijui lugha hizo zote. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na mfumo, ikifanya kazi ya mkalimani. Akikosekana mkalimani, kifaa kizima kabisa huketi kimya kama mgeni asiyejua Kinyarwanda aliyeachwa peke yake sokoni Kimironko. Mwenye haraka humwona bubu.

Twawezaje kujua kama kifaa ni bubu kweli au kimekosa mkalimani tu? Njia tunayoipenda ni kuazima mfumo mwingine kwa muda. Flashi yetu ilikuwa na Linux Mint, mfumo unaotolewa bure, ambao huweza kuamka kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Mashine huzimwa, flashi huchomekwa, kisha wakati wa kuwasha hubonyezwa kitufe cha kuchagua mahali pa kuamkia: katika mashine nyingine ni F12, katika nyingine F9 au Esc. Mwangalifu achague kujaribu tu, asichague kusimika, maana kusimika kwaweza kufuta yaliyomo.

Mashine ya Masoro iliamka. Picha zikawa kali na za kadiri yake, na orodha ya mitandao ya majirani ikajitokeza. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama zile faranga 85,000 zingekuwa za nini. Hatukuwa na jibu la kumpa. Mafundi waaminifu ni wengi, lakini anayetamka kifo cha ubao mkuu bila kufanya jaribio hata moja aombwe aeleze amejuaje.

Twaongeza tahadhari moja. Jaribio hili linathibitisha uzima kuliko linavyothibitisha ugonjwa. Kifaa kikifanya kazi ndani ya Linux, basi ni kizima, hakuna ubishi. Kisipofanya kazi, usikizike bado, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya waifai, hasa vya Broadcom, huhitaji mkalimani wa ziada hata huko.

Tuliirudisha mashine katika Windows, tukabonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na X, kisha M. Ikafunguka orodha ya vifaa vyote vya ndani, na kifaa cha mtandao kilikuwa na alama ya mshangao ya rangi ya njano. Ukikibofya mara mbili kifaa cha namna hiyo utaona namba. Namba hizi zafaa kukaririwa kuliko jina la ugonjwa wowote: 28 maana yake draiva haikusimikwa; 22 maana yake kifaa kimezimwa, huenda na mtu wa nyumbani mwako mwenyewe; 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza; na 43 maana yake kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu hata Windows ikakisimamisha. Hiyo 43 ndiyo ya kutiliwa shaka kuwa ugonjwa wa mwili, ingawa mara nyingine draiva mbaya nayo huileta. Yetu ilikuwa 28. Kwa upande wa kioo, Windows ilikuwa ikitumia mkalimani wa dharura anayejua maneno machache tu, ndiyo sababu picha zilitanuka na mwanga wa kioo haukukubali kupunguzwa.

Katika maelezo ya kifaa kuna mstari wa utambulisho wenye herufi VEN na namba mbele yake. Hilo ni jina la ukoo. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Sasa waweza kwenda katika tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, ukatafuta kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini ya mashine, ukachukua draiva ya ukoo huo. Usikubali zile programu za bure zinazojigamba kutafuta draiva zote kwa mara moja. Nyingi hujaza mashine matangazo, na baadhi huleta mabaya zaidi.

Lakini mtandao utaupataje ilhali mtandao ndio unaoumwa? Simu ya binti iliunganishwa kwa waya wake wa kuchajia na kuruhusiwa kugawa intaneti. Windows ikaipokea, nayo draiva ya kioo ikajileta yenyewe. Ile ya waifai tuliisimika kwa mkono.

Siku hiyo ugonjwa wa kweli wa mwili ulikuwa mmoja tu, na hakuna aliyeutaja. Kila mashine ilipochomolewa umeme, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi. Betri kubwa ilikuwa imechoka kabisa, na kile kidonge kidogo cha volti 3 kinachotunza saa nacho kimekwisha. Saa ikikosewa, tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama huonekana kama havijaanza kutumika, na mtu hulaumu mtandao. Kidonge hicho, kwa kawaida CR2032, katika kompyuta nyingi za mapajani huwa kimefungwa kwa waya mbili; upelekwe mfano wake dukani.

Diski ikianza kugonga kwa mlio wa tik tik, acha majaribio yote, nakili kwanza picha na hati zako. Betri iliyovimba isitobolewe wala kutupwa jalalani. Rwanda ina kiwanda cha kushughulikia taka za umeme huko Bugesera, na vitu vya namna hiyo mahali pake ni huko.

Tulimweleza mama jambo jingine ambalo hakulifurahia. Huduma ya bure ya usalama ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya mwaka 2011 haitimizi masharti ya Windows 11. Shauri letu lilikuwa kwamba binti amalize mitihani yake kwa mfumo uliopo, asiutumie kwa mambo ya benki, kisha mashine ihamishiwe Linux, ambayo tumekwisha kuona kwamba inaijua vizuri. Binti alitaka ihamishwe siku ileile. Mama akasema mitihani kwanza.

Kamera haikuonekana katika mfumo wowote kati ya miwili, hata kwa alama ya njano. Huenda waya wake umekatika kwenye bawaba. Wameamua kuiacha.

Juma lijalo tutajibu barua kuhusu mashine za kuchapia zinazokataa kompyuta mpya.