Chupa moja ya Agosti haipimi mto

Wanaotaka kaboni ya mito ya wilaya za Mbulu na Hanang, Tanzania, ikadiriwe kwa njia ya mkato wanasimamia hoja nne, na zenyewe kwa zenyewe hazipatani. Wasomaji, nyinyi ndio waamuzi.

Wanasema kwanza kwamba rangi inatosha: maji yakiwa mekundu, basi yamejaa kaboni ogania, yaani ile itokanayo na majani, mizizi na samadi. Kuna ukweli kidogo hapo, maana maji yaliyopita kwenye majani yaliyooza huwa na rangi ya chai. Lakini wekundu wa korongo baada ya mvua ni udongo wenye chuma. Chota ndoo, uiache itulie mpaka kesho yake. Tope jingi litazama na wekundu utapungua. Kaboni iliyoyeyuka haizami. Jicho limeona udongo, daftari likaandikwa kaboni.

Hoja ya pili ndiyo roho ya mpango wao. Chukua chupa moja kwa kila kijito wakati wa kiangazi, barabara zinapopitika, kisha zidisha kwa maji ya mwaka mzima. Ni rahisi, sikatai. Tufanye hesabu ya mfano tu: kijito cha kiangazi kinapitisha lita 50 kwa sekunde, zenye miligramu 4 za kaboni kwa lita. Hiyo ni gramu 0.2 kwa sekunde. Mvua ikishuka, kinapitisha lita 5,000 zenye miligramu 20. Sasa ni gramu 100. Saa moja ya mafuriko imebeba sawa na saa 500 za kiangazi, karibu wiki tatu. Ukizidisha miligramu 4 za Agosti kwa maji ya masika, umepunguza mzigo wa mafuriko mara tano kabla hujamaliza kuandika. Na yapo mafuriko makubwa zaidi ya hayo: tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji iliporomoka. Tope, mawe na miti vikafika mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Watasema hilo ni tukio la nadra. Sawa, liondoeni. Mafuriko ya kawaida yanarudi kila msimu, na chupa yao bado haipo. Tena angalieni: hoja ya kwanza inategemea maji yenye rangi, ya pili inakwenda kuchota wakati hayana.

Tatu, eti mashine ya maabara ikishasoma kaboni, mjadala umekwisha. Kaboni ipi? Mito ya huku huingia Balangida, Manyara na Eyasi, ambayo ni maziwa ya magadi. Maji yake yamejaa bikaboneti na kaboneti, kaboni ambayo si ogania. Ndiyo maana mpimaji makini hutia asidi kwanza, akaifukuza kama hewa ukaa, ndipo anapima kilichobaki. Tena huchuja maji, kwa sababu iliyoyeyuka na iliyoshikamana na tope ni hesabu mbili. Wapo pia wanaochoma tope tanurini, wakaita asilimia 58 ya uzito uliopotea kaboni. Udongo wa mfinyanzi hupoteza maji yake ya ndani kwenye moto huohuo, nayo yamehesabiwa?

La mwisho halistahili muda mrefu: kwamba mradi wa kaboni wa Bonde la Yaeda, kwenye ardhi ya Wahadzabe, umeshajumlisha yote. Mradi ule unahesabu miti iliyonusurika kukatwa. Kaboni inayosafiri na maji ni daftari jingine, na huku haifiki hata baharini: maji ya Yaeda yanaelekea Eyasi, ya Hanang yanaingia Balangida, na maziwa hayo hayana pa kutokea.

Mkiletewa ripoti ya kaboni ya mito hii, msianze na jumla. Ulizeni tarehe za chupa na kama asidi ilitiwa. Ikiwa hakuna hata chupa moja ya siku ya mvua, irudisheni.