Skrubu ya pompi si dawa ya gari lisilo na nguvu

KINDU – Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Lualaba, boneti za magari huwa tayari wazi katika parseli za Kasuku na Mikelenge. Garaji ni kivuli cha mwembe, turubai moja na sanduku la funguo. Hapo ndipo Land Cruiser iliyofika ikiwa imechoka inafufuliwa. Springi zinaongezwa jani, vyuma vya nyuma vinachomelewa ili vibebe magunia zaidi. Halafu wapo wenye magari wanaotaka na nguvu zaidi. Turbo iliyotolewa kwenye gari lingine inafungwa kwenye moteri ambayo kiwandani haikupewa turbo, kisha fundi anashika bisibisi na kuigeukia pompi ya injeksio.

Asiwepo wa kuwacheka mafundi hawa. Piese za asili ni ghali, njia za kuzileta ni ndefu, na treni ya kutoka Lubumbashi haina saa. Kama si mikono yao, nusu ya mji ingetembea kwa miguu. Lakini kutengeneza kilichoharibika ni kazi moja, na kubadilisha kipimo cha mazuti ni kazi nyingine kabisa. Hii ya pili inafanywa kwa sikio tu, na anayelipa ikienda vibaya si mwenye gari peke yake.

Moteri inayozungumziwa hapa zaidi ni 1HZ. Toyota iliitoa mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, mazuti tupu, haina turbo wala kompyuta. Ni moteri ya subira. Inakula mazuti ya hali yoyote, inalala njiani na kuamka, na fundi mwenye akili anaweza kuifungua na kuifunga bila mashine yoyote ya umeme. Udhaifu wake unaonekana pale gari linapojazwa watu, mihogo, godoro na mabido, kisha likakutana na mlima wenye tope. Linapanda kwa kulia. Mwenye gari anaona saa zinapita, anamwambia fundi: ongeza nguvu.

Turbo yenyewe haileti moto. Inaleta hewa. Moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo linazungusha lenzake, na lile la pili linasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Wazo hilo ni la Mswisi Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905. Hewa ikiongezeka peke yake mabadiliko ni madogo, kwa hiyo mazuti nayo lazima yaongezwe. Pompi ya 1HZ ina skrubu inayoweka mwisho wa mazuti gari linapokanyagwa mpaka chini. Kiwanda kiliipima skrubu hiyo kwenye meza ya majaribio na kuifunga isiguswe. Fundi anavunja kifungo, anazungusha kidogo, anasikiliza, anazungusha tena. Gari linanguruma, mwenye gari anatabasamu.

Kila mama anayewasha mbabula anajua kinachofuata. Makaa mengi bila hewa ya kutosha hutoa moshi, na chakula hakiivi. Turbo haisukumi hewa nyingi wakati moteri inazunguka polepole, na polepole ndiyo hali ya gari lililojaa kwenye tope. Moteri zilizozaliwa na turbo, kama 1HD-T ya Toyota hiyo hiyo, zina kifaa juu ya pompi kinachosikia msukumo wa hewa na kuzuia mazuti mpaka hewa ifike. Pompi ya 1HZ haikupewa kifaa hicho. Skrubu ikifunguliwa, mazuti yanazidi muda wote, hewa ipo au haipo. Ndiyo maana ya lile wingu jeusi linalobaki barabarani na kuwaingia watoto machoni.

Moshi ni jirani wa joto. Pistoni ni ya aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye digrii 660. Mazuti yakizidi kwenye mlima mrefu, moshi unaotoka silindani unaweza kupita digrii 700. Pistoni inaokolewa na oili na maji yanayoipoza, ila oili ikiwa kuukuu na radiata imeziba kwa udongo mwekundu, wokovu huo una mwisho. Kinachopasuka kwanza ni kichwa cha moteri, au pistoni inatoboka. Sindano ya joto la maji kwenye dashibodi haisemi lolote mapema. Inaamka wakati kazi imekwisha haribika.

Kuna kosa lingine linaloletwa na video za simu. Vijana wa Marekani na Ulaya wanafunga kompresa kwenye magari yao ya esansi nyumbani, wanabadilisha injekteri na kuweka kubwa zaidi, na kijana wa Kindu akiwatazama anaona ni jambo lile lile. Si lile lile, ni kinyume chake. Esansi inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Ukisukuma hewa zaidi bila kuongeza esansi, moteri inagonga na pistoni inatoboka, kwa hiyo wale vijana wanaongeza esansi mpaka izidi kidogo ili wawe salama. Mazuti yakipungua, gari linakosa nguvu tu na moteri inabaki baridi. Yakizidi, inaungua. Anayechukua dawa ya esansi na kuitia kwenye mazuti anaua gari akidhani analiponya. Tena wale vijana wana kipimo kwenye bomba la moshi kinachowaambia kila sekunde hali ya mchanganyiko. Hawakisii.

Na mara nyingi ugonjwa haukuwa kwenye skrubu. Mazuti yanauzwa kwenye chupa na mabido kando ya barabara, kwa wale ambao pande nyingi za Kongo wanaitwa Kadhafi, na bido lililokaa kwenye mvua linaingia maji. Filtri inaziba. Bomba linavuta hewa kwenye kiungo kilicholegea. Mwingine anachanganya mazuti na esansi ili auze zaidi, akisahau, au asijue, kwamba pompi ya 1HZ haina oili yake: mazuti yenyewe ndiyo yanayoilainisha. Pompi inachakaa, gari linachoka, na dawa inayotolewa ni kufungua skrubu. Ni sawa na kumchapa punda mwenye jeraha. Filtri mpya, mazuti yaliyotulia usiku mzima na kuchujwa kwa kitambaa safi, na injekteri zilizopimwa zinarudisha nguvu nyingi kabla ya mtu kugusa kitu kingine.

Kuhusu kupima injekteri, wanafunzi wa garaji wasikie hili. Kukinga mkono mbele ya injekteri ili kuona inavyopuliza ni hatari kubwa. Mazuti yanatoka kwa nguvu inayoweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, hakiumi sana saa ya kwanza, mtoto anarudi kazini. Ndani nyama inaanza kufa. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja mkono uvimbe, na aeleze wazi kwamba ni mazuti ya injekteri, maana daktari akiona tundu dogo anaweza kumpa dawa ya maumivu na kumwambia aende nyumbani.

Wenye magari wana hoja zao, na si za uongo. Barabara ni mbovu, vizuizi ni vingi, kila safari inayochelewa ni hasara. Turbo kwenye 1HZ si uchawi wala si dhambi: huko Australia, ambako gari hili linapendwa sana, kuna kampuni zinazouza vifaa vyake kamili. Lakini huko turbo ikishafungwa, pompi inarekebishwa upya kwenye meza ya majaribio, na wengi hufunga termometa kwenye bomba la moshi, ili shoferi aone joto na kupunguza mguu. Kilichovuka bahari kuja huku ni turbo. Termometa ilibaki. Nayo ndiyo ya bei ndogo.

Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari, vita imesukuma watu wengi kuacha makwao pande za Kivu, na wengine wamefika Maniema. Familia iliyokimbia haina gari la kuchagua. Inalipa nafasi kwa franka za mwisho, inapanda juu ya magunia na mgonjwa wake, inavuka Lualaba mpaka Alunguli na kushika njia ya Kalima. Moteri ikifia katikati ya msitu, mwenye gari amepoteza moteri. Mama wa watoto wanne amepoteza nauli, chakula cha siku tatu na pengine mtoto mwenye homa. Nauli hairudishwi, anaambiwa ni bahati mbaya. Hapa ndipo neno hilo halikubaliki. Moteri iliyofunguliwa skrubu bila kipimo haikufa kwa bahati, na aliyeagiza ifunguliwe anapaswa kurudisha nauli, nusu kwa uchache, na kutafuta gari la kuwachukua wasafiri wake.

Mafundi nao wanaweza kukataa. Fundi akisema “sifungui pompi bila termometa”, mteja ataenda kwa mwingine, ndiyo, labda mara mbili tatu. Garaji tano au sita zikisema hivyo pamoja, hatakuwa na pa kwenda. Garaji hizo hizo zikichanga, zinaweza kununua ile pampu ndogo ya mkono ya kupimia injekteri, inayoonyesha nguvu ya mpulizo bila mtu kuweka kiganja chake. Haihitaji umeme, na kwa Kindu hilo si jambo dogo.

Kwa anayesafiri kesho asubuhi na watoto: kabla ya kutoa pesa, mwombe shoferi awashe moteri na kukanyaga mara moja. Moshi mweusi kidogo unaopotea haraka ni kawaida ya gari la zamani. Ukitoka mzito na kuendelea kutoka, ngojea gari lingine, kama lipo.