Televisheni Isiyojua Hodi

Sisi wenyeji wa Mji wa Kale tuna tabia moja ambayo wageni wengi huisifu, nayo ni hodi. Mtu hata akiwa ndugu wa damu, na mlango hata ukiwa wazi tangu asubuhi, husimama nje akapiga hodi, akangoja kuambiwa karibu, ndipo akaingia. Akiwa mwanamume hukohoa kidogo, ili wanawake waliomo ndani wapate nafasi ya kujisitiri. Tabia hii haikuzuka hivi hivi. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, Waislamu wameamrishwa wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawasalimu wenyewe. Leo ningependa, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya mgeni aliyekwisha kuingia majumbani mwetu na ambaye hajafundishwa adabu hiyo. Mgeni huyo ni televisheni inayopokea picha kutoka kwenye laptopu bila ya waya.

Nisingelizungumza jambo hili lau halikutufika sisi wenyewe. Kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, na usiku wa kupamba mamangu hakuweza kwenda kwa sababu ya maradhi ya magoti. Kila mtu wa pwani anajua kupamba ni shughuli ya wanawake watupu. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele hufunguliwa, dhahabu hutolewa sandukuni, na simu hupigwa marufuku ukumbini. Picha zilipigwa na mwanamke mmoja tu aliyekodiwa, na kanda yake ikatiwa kwenye kijiti cha kompyuta kwa ajili ya mama wa bwana harusi na mamangu, basi.

Siku ya pili, baada ya sala ya isha, dada zangu na wake wa ami zangu walikusanyika chumba cha juu ili mamangu aone yaliyompita. Binti wa dada yangu alileta laptopu yake. Kioo chake ni kidogo, na bibi kizee mwenye mtoto wa jicho haoni kitu hapo, kwa hivyo binti akasema ataitupa picha kwenye televisheni kubwa iliyoko ukutani. Sisi wanaume tulikuwa barazani chini, tunakunywa kahawa kwa kashata.

Punde nikamwona mke wa jirani wa upande wa pili wa kichochoro akitoka kwake mbio, buibui hajalifunga vizuri, akaja kugonga mlango wetu. Hakungoja salamu kwisha. Alipanda ngazi, na sauti yake tukaisikia sote: "Izimeni hiyo kompyuta, kina mama, mwaonekana kwetu!"

Ilikuwa hivi. Binti alipofungua orodha ya televisheni zilizo karibu aliona majina mawili yaliyofanana herufi kwa herufi, kwa kuwa jirani na sisi tulinunua televisheni za aina moja, na hakuna aliyebadilisha jina lililotoka nalo kiwandani. Alibonyeza la kwanza. Laptopu ikamwambia imeunganishwa, lakini televisheni yetu ikabaki giza. Akadhani inachelewa tu, akangoja. Wakati huo huo, chumbani kwa jirani, ambaye alikuwa ameketi na shemeji zake wawili wakitazama habari, taarifa ya habari ilikatika na mahala pake wakatokea wanawake wa mtaani wakicheza chakacha, vichwa wazi. Mzee yule, Mungu amjaze kheri, aliing'oa plagi ukutani, akawatoa shemeji zake nje, kisha akamtuma mkewe.

Alfajiri ya siku iliyofuata alinikuta mlangoni mwa msikiti akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukuona kitu. Lakini hiyo mashine itieni komeo." Hakurudia tena maneno hayo mpaka leo. Binti wa dada yangu alilia siku mbili, na mmoja wa waliokuwa katika picha hajatukanyagia nyumba tangu siku ile.

Sasa tujiulize, kosa hili ni la nani? Barazani kwetu wapo waliosema ni la binti, na wapo waliosema ni la hizi mashine zote, heri zitupwe baharini. Mimi nasema tutazame kwanza jambo lenyewe linavyofanya kazi, ndipo tuhukumu.

Televisheni ya zamani ilikuwa na bwana mmoja. Televisheni ya Sauti ya Kenya ilianza Nairobi mwaka 1962, na mwaka 1970 kukafunguliwa kituo hapa Mombasa. Tangu hapo hadi mitambo ya analogi ilipozimwa hapa mjini Februari 2015, picha ilitoka kwenye mlingoti ikaingia ndani ya nyumba. Mtu aliweza kukilaumu kituo kwa kuonyesha yasiyofaa, lakini jirani hakuweza hata kidogo kukutilia picha yake ndani ya televisheni yako. Televisheni ya leo ni kitu kingine. Ndani yake mna redio ndogo ya waifai inayosikiliza saa zote, na chombo chochote kilicho karibu kinaweza kubisha.

Njia zenyewe ni mbili kubwa, na ni vyema kuzipambanua. Ya kwanza huitwa Miracast, iliyotolewa mwaka 2012 na umoja wa makampuni uitwao Wi-Fi Alliance. Hapa laptopu na televisheni huzungumza zenyewe kwa zenyewe, wala intaneti haihitajiki. Kompyuta nyingi za Windows, tangu toleo la 8.1 la mwaka 2013, zina uwezo huu: mtu hubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi K, na orodha ya televisheni za karibu hutokea. Kila kilichoko kwenye kioo cha laptopu huonekana ukutani, ukiwemo ujumbe wa siri utakaoingia wakati huo.

Njia ya pili ndiyo ya Chromecast, kidude ambacho kampuni ya Google ilianza kukiuza Marekani mwaka 2013 kwa dola 35. Mwaka 2024 Google ilitangaza kuwa haitakitengeneza tena, ingawa uwezo wake umekwisha kutiwa ndani ya televisheni nyingi. Hapa mara nyingi laptopu hutoa amri tu, na televisheni huifuata filamu yenyewe kwenye intaneti kwa kupitia ruta ya nyumbani. Mwenye kuijua ruta yako na neno lake la siri ndiye mwenye kuijua televisheni yako.

Tofauti hii ina maana yake katika mifuko yetu. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kwa chini ya bahari mwaka 2009, tulijiona tumetoka gizani, na kweli tumetoka. Lakini mwezi wa Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipoharibika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa. Nyumba yenye kutumia njia ya kwanza iliendelea kutazama mawaidha na picha za harusi zilizomo katika laptopu, bila ya bando na bila ya kujali waya wa baharini.

Msomaji ataniuliza: nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene, wengine hawapati waifai chumba cha nyuma ilhali ruta iko sebuleni. Vipi picha ikavuka mpaka kwa jirani? Jawabu ni kwamba mawimbi haya huchoka yakikuta ukuta mnene, lakini hupita kirahisi katika mbao, kioo na dirisha lililo wazi. Kichochoro chetu ni hatua nne. Dirisha letu la juu latazamana na la jirani. Kwa jicho la mawimbi, jirani wa mbele yuko karibu nasi kuliko jiko letu wenyewe. Wazee waliojenga mji huu walitia vimia vya mbao kwenye roshani za Ndia Kuu ili mwanamke aione njia bila ya kuonekana. Kimia huzuia jicho, lakini hakizuii mawimbi.

Wala tusidhani haya ni maajabu ya Kibokoni peke yake. Mwezi wa Januari 2019 vijana wawili walionyesha ulimwengu kuwa maelfu ya Chromecast na televisheni katika nchi mbalimbali zilikuwa wazi kwa yeyote, kwa sababu ruta za wenyewe zilipangwa vibaya. Walizitilia televisheni hizo onyo, pamoja na tangazo la kumpigia debe PewDiePie, mtu mashuhuri wa YouTube. Walikuwa mbali kabisa na nyumba hizo. Ikiwa mgeni wa mbali aliingia kwa njia hiyo, jirani wa hatua nne atashindwaje kuingia, hata kwa bahati mbaya?

Sheria tunazo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chatupa haki ya faragha, pamoja na haki ya mambo ya ukoo wetu kutofichuliwa pasipo sababu. Iko sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta, na iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Lakini hebu zitazame sheria hizo mbele ya kisa chetu. Aliyeingia pasipo idhini ni nani? Ni binti yetu, aliyeivamia televisheni ya jirani bila ya kujua. Na aliyefichuliwa ni nani? Ni sisi. Nyumba zote mbili zimekosewa, na hakuna mkosaji aliyekusudia. Mahakama haina la kufanya hapa.

Kwa hivyo nawapinga wenzangu wa barazani wa pande zote mbili. Binti hana hatia, kwa sababu alipewa majina mawili yanayofanana na televisheni ya jirani haikuuliza, "Nani wewe?" Nyingine huuliza, nyingine hufunguka tu kwa yeyote. Nayo mashine haistahili kutupwa. Kwa mashine hiyo hiyo mamangu ameiona nikaha ya mjukuu wake iliyofungwa Muscat, akatikia dua pamoja nao, naye hajapanda ndege maishani mwake. Na katika mwezi wa Ramadhani, picha za tarawehe kutoka Makka humkusanya bibi, mama na vijana katika chumba kimoja, watu ambao siku nyingine kila mmoja ameinamia simu yake. Hilo si jambo dogo katika zama hizi.

Tunalopaswa kufanya ni kuifundisha televisheni kupiga hodi, na kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Kwanza, aingie katika mipangilio aibadilishe jina. Yetu sasa inaitwa kwa jina ambalo mtoto wa miaka saba hawezi kulikosea. Pili, achague televisheni iombe idhini au namba ya siri kila chombo kipya kinapobisha. Tatu, neno la siri la ruta lisigawiwe kichochoro kizima kama sahani ya futari. Ukarimu ni jambo zuri, lakini huo si mahala pake. Nne, anayetumia Windows abonyeze kitufe kile cha alama pamoja na herufi P, achague kioo cha televisheni kiwe nyongeza ya laptopu badala ya kuwa nakala yake. Hivyo atatuma dirisha moja tu ukutani, na barua zake zibaki kwake. Tano, kazi ikiisha uwezo huo uzimwe, kama mlango unavyofungwa usiku.

Na liko la sita, ambalo vijana hulicheka. Kwa mambo ya kupamba, na kwa kila ambacho hutaki kionekane na macho ya nje, tumia waya. Waya wa HDMI hautangazi jina lake kwa mtu, na picha yake huishia pale unapoishia.

Wiki mbili baada ya kisa kile, dada zangu walikusanyika tena chumba cha juu. Dirisha lilifungwa, waya ukavutwa kutoka laptopu hadi ukutani, na mamangu akaona kupamba kote tangu mwanzo, akamtambua kila mmoja kwa jina la mamake. Yule aliyegoma kutukanyagia alialikwa, hakuja. Mamangu amesema ataenda mwenyewe kumwomba radhi, magoti yakimruhusu, na mimi nitamshika mkono mpaka mlangoni. Hapo tutapiga hodi, na tutangoja.