Wosia Si Uchuro

Baba mdogo tulimzika hapa Nyarugusu. Kilio hakijaisha, tukaanza kuulizana: kile kiwanja chake cha Baraka kinapakana na nani? Karatasi ya mauziano alimwachia nani? Hakuna aliyejua. Yote alikuwa nayo kichwani, akaenda nayo. Watoto wake wamezaliwa kambini, Baraka wanaisikia kwa jina tu. Leo kuna mtu amejenga pale, na sisi hatuna hata karatasi moja ya kumwonyesha.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu mzima anasema, "Wosia? Unataka nife?" Jamani, kalamu imeua nani? Tunakufa wote, walioandika na wasioandika. Tofauti wanaiona mjane na yatima.

Wengine husema, "Sisi wakimbizi hatuna kitu." Si kweli. Tulikimbia na watoto mgongoni, lakini ardhi haikukimbia. Kambi hii ipo tangu 1996, na wazee wanaojua mipaka wanatutoka mmoja mmoja.

Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inakubali wosia wa mkono. Masharti ni matatu: uuandike wote mwenyewe, uweke tarehe, utie sahihi. Ukimpa mwanao akuandikie, si huo tena. Daftari la shule linatosha. Andika kiwanja kiko mtaa gani, kila upande kinapakana na nani, ulikipata vipi, nani alishuhudia. Taja watoto wote. Binti ni mrithi sawa na kaka yake, na mtoto wa nje uliyemtambua naye ni mrithi. Usingoje wajomba waje kubishana juu ya kaburi lako. Kisha mwambie mkeo karatasi iko wapi. Wosia uliofichwa hadi mwenyewe hauonekani ni sawa na hakuna.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika: vichwa vyetu mnavihesabu kwa ajili ya mgao. Tulichoacha nyumbani mmeshawahi kukiuliza? Mnatufundisha kushona na kupika sabuni, vizuri, asanteni. Basi tuleteeni na mtu wa sheria, hata siku moja kwa mwezi, pamoja na mifuko ya plastiki, maana nyumba zetu zinavuja na karatasi zinaoza.

Kila siku tunaulizwa kama tutarudi. Sawa, tutarudi. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa, akifika Baraka bila karatasi, atabisha hodi mlango gani?