Mwenye kuamua njo mwenye kujibu

Wandugu vijana wa Sakania, wa Lubumbashi na popote mlipo,

Kuna jibu moja tumechoka nalo. Raia akienda kwenye mlango wa kampuni ya migodi kuuliza juu ya vumbi, juu ya maji ao juu ya kazi, anaambiwa: "Ile banaamuaka kule kwa bakubwa." Kule wapi? Hakuna anayemuonyesha. Na akibahatika kuandikia wakubwa wa kule, wanamjibu kwamba hayo ni mambo ya filiali yao ya Kongo. Barua inazunguka, mwaka unapita, vumbi liko pale pale.

Tuelewe vizuri filiali ni nini. Ni kampuni iliyoandikishwa hapa kwetu kwa sheria ya Kongo, lakini hisa zake nyingi ziko mikononi mwa kampuni mama inayokaa inchi ingine. Kwenye karatasi ni watu wawili. Kwenye mfuko ni mtu mmoja. Kampuni mama njo inaweka wakurugenzi, inapitisha bajeti, inaamua shaba iuzwe kwa nani. Mara nyingi inamkopesha mtoto wake pesa kwa riba na kumuuzia huduma. Hata kama hayo yote ni halali, faida inaweza kupunguka kabla haijahesabiwa huku. Sheria ya migodi ya 2018 inapatia Serkali 10% ya hisa za bure, lakini bila faida hakuna cha kugawa. 10% ya sifuri ni sifuri.

Sisi wa Sakania hatuhitaji mfano wa mbali. Mgodi wa Frontier uko karibu na mji wetu. First Quantum ya Kanada ilianza kutoa shaba pale 2007. Mwaka 2010 Serkali ilifuta kibali chake, kazi ikasimama. Ugomvi ukaenda mbele ya mahakimu wa nje, na Januari 2012 kampuni ENRC, ambayo hisa zake ziliuzwa London, ikakubali kulipa First Quantum dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi na kuchukua mali zake za Kongo, Frontier ikiwa ndani. Mwaka 2013 ENRC ikatoka kwenye soko la hisa la London. Leo kundi hilo linaitwa Eurasian Resources Group, makao yake ni Luxembourg, na serkali ya Kazakhstan iko na 40%. Shimo ni lile lile, mlima ni ule ule. Mwenyewe amebadilika, na kwenye yale mapatano Sakania haikuwa na kiti.

Kuna watu wanasema: "Mukibafinya, batakwenda." Hatuombi kampuni ifukuzwe. Mgodi uliposimama 2010, walioumia kwanza walikuwa wafanyakazi na jamaa zao. Tunachoomba ni kwamba anayeamua awe pia anayejibu.

Na hilo linawezekana. Angalieni ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Zambia. Kule Chingola, raia 1,826 walishtaki kampuni Konkola Copper Mines pamoja na mama yake, Vedanta, iliyokuwa London. Walisema mito yao na mashamba yao yamechafuliwa. Vedanta ikasema kesi ihukumiwe Zambia. Tarehe 10 Aprili 2019, Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kule, na kwamba kampuni mama inaweza kuwa na wajibu kwa watu wanaoishi karibu na mgodi wa mtoto wake. Kati ya vitu ambavyo mahakimu walitazama ni vitabu vya Vedanta yenyewe, mahali ilipojisifu kwamba inasimamia filiali zake zote. Januari 2021 walipatana nje ya korti, bila kampuni kukubali kosa. Lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Somo letu ni hilo: maneno ambayo kampuni mama inaandika ili kufurahisha wenye hisa, sisi tunaweza kuyaweka mbele ya mahakimu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu kwa kampuni zote za migodi za hapa.

Kwanza, zitangaze nani anaamua nini: ni mambo gani mkurugenzi wa hapa anaweza kutia saini mwenyewe, na ni gani yanangoja kampuni mama. Kila malalamiko ya raia yapate namba, tarehe ya kujibiwa, na nakala iende kwa mama.

Pili, kitabu cha ahadi ambacho sheria inaita cahier des charges kibandikwe mbele ya raia kwa Kiswahili na Kibemba, si Kifaransa tu. Pamoja nacho, hesabu ya ile 0.3% ya mauzo inayopaswa kwenda kwa maendeleo ya jamaa za hapa. Hiyo inahesabiwa juu ya mauzo, haingoji faida. Hakuna kisingizio cha hasara.

Tatu, viongozi wetu nao waseme. Sheria inapatia mamlaka ya mahali mgodi uko 15% ya ushuru wa madini unaoitwa redevance. Ngapi imeingia, imefanya nini? Hatuwezi kuuliza Luxembourg na kunyamaza mbele ya ofisi za hapa kwetu.

Wengi wetu tuko na diplome na hatuna kazi. Basi hii njo kazi ya kwanza: tugawane ripoti za mwaka za kampuni mama, tuzisome, tuandike pembeni kila ahadi juu ya Kongo, tupige picha ya hali ilivyo na tarehe yake. Mwenye kujua Kiingereza amsaidie asiyejua. Barua ya kwanza itaandikwa kwa anwani mbili siku moja: kwa mtoto hapa, na kwa mama kule. Hakuna atakayesema tena kwamba hakusikia.