Mtoto na Nakshi: Tuanze na Jani



Mama wapenzi, wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Binti yangu wa miaka saba alikuwa na mazoea ya kuchora pembeni mwa daftari lake la chuoni. Siku moja nilikuta amechora paka mwenye masharubu marefu, ukurasa mzima. Chungu kilikuwa jikoni, nami nilikuwa na haraka. Nikaichana karatasi ile, nikamwambia kuchora ni haramu. Hakulia. Alizikusanya kalamu zake za rangi, akazitia mkobani, na kwa muda wa miezi miwili hakuchora kitu. Nami nilidhani nimemlea.

Aliyenizindua ni mama yangu. Alikuja kukaa nasi siku chache, na kama ilivyo ada yake, alikuja na chane zake za ukindu, nyingine nyeupe na nyingine zilizotiwa rangi. Alimketisha mjukuu wake karibu naye, akawa anasuka ukili. Mtoto alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nyanya, hii nayo si kuchora? Mama asema ni haramu." Mama yangu alinitupia jicho, wala hakusema neno.

Jioni ile nilimwendea maalim wake. Alinikumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya mtu aliyemjia Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, akamweleza kwamba riziki yake hutokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimpa onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Alipomwona mtu yule amefazaika, alimwelekeza achore miti na kila kisichokuwa na roho. Kuhusu vitu vya watoto, maalim alinambia kuwa wanazuoni wana maelezo yao, na kwamba Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea. Kila mzazi na amuulize anayemwamini katika elimu. Lakini neno lililonichoma ni hili: "Sahaba alifunga mlango mmoja akafungua mwingine. Wewe umefunga, ukaondoka."

Mlango huo uliofunguliwa ni mpana, na sisi watu wa pwani tumezaliwa ndani yake. Itazameni milango ya Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001: mizabibu na maua yamepanda juu ya miimo, na si kawaida kukuta mnyama wala mtu. Itazameni kofia ya viua, ambayo jina lake lenyewe latukumbusha ua. Fungueni leso zenu mwone korosho zilizopangwa kwenye pindo. Hina tunayopakwa mikononi siku ya harusi ni vikonyo na majani. Mafundi wa kazi hizi walianza kwa kutazama kabla ya kushika patasi au sindano. Hapo ndipo mtoto naye aanzie.

Siku ya kwanza, msimpe kalamu. Mpeni jani. La mpera lafaa, la mwarobaini lafaa zaidi. Muulizeni: mshipa wa kati umepita wapi? Upande wa kulia wafanana na wa kushoto? Vijani vimekabiliana kwenye kikonyo, au vinapishana? Mwacheni ajibu kwa kidole chake kabla ya ulimi. Kisha alilaze jani chini ya karatasi nyembamba, apitishe ubavu wa penseli juu yake polepole. Mishipa itajitokeza yenyewe, na uso wa mtoto mtauona.

Siku ya pili, ingieni jikoni. Chukueni bamia lililokomaa likawa gumu, lisilofaa tena mchuzini, ili tusiingie katika israfu. Likateni kwa upana. Ndani mtakuta umbo la nyota, mara nyingi lenye pembe tano. Koroge manjano kwa maji kidogo katika kisahani, achovye bamia, apige muhuri karatasini. Mkiwa na papai, likateni kwa upana vilevile mwonyeshe kuwa uwazi wa mbegu nao ni nyota. Na mtakapokwenda ufukweni, aokote kiti cha pweza kilichokufa ahesabu mikono yake.

Siku ya tatu ndiyo siku ya somo lenyewe. Mwambieni ajaze ukurasa kwa nyota za bamia pasibaki nafasi. Hataweza. Kila atakapozisogeza, mwanya utabaki. Msimwambie sababu upesi; mwacheni ahangaike kidogo. Kisha mwonyesheni sega la asali. Nyuki, ambao Mwenyezi Mungu ameiita sura nzima kwa jina lao, hujenga vyumba vya pembe sita, navyo hukaa bega kwa bega bila upenyo. Katika maumbo ambayo pande zake zote ni sawa na pembe zake zote ni sawa, ni matatu tu yawezayo kujaza sakafu peke yake: la pembe tatu, la pembe nne na la pembe sita. Nyota ya pembe tano yahitaji mwenzake wa kuziba mwanya. Basi mtoto atafute mwenza huyo: kijani, tone, au nyota ndogo. Mafundi waliopamba misikiti kwa vigae, kutoka Isfahan hadi Fez, walilikabili swali hilohilo.

Nina maonyo mawili. La kwanza, msimchoree. Mkono wa mama ukiingia, wa mtoto hujitoa. La pili, msiwafundishe mabinti peke yao. Waliochonga milango ile walikuwa wanaume, na walikuwa watoto kwanza.

Kabla ya kumkabidhi binti yangu lile bamia, nilimwomba radhi kwa karatasi niliyoichana. Nilimweleza alichosema maalim, na kwamba mimi nilisema neno kubwa kuliko elimu yangu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mawimbi naweza?" Nikamwambia anaweza. Ukurasa wake wa kwanza sasa umebandikwa ukutani jikoni: nyota za manjano, na katikati yake mawimbi madogo ya mkaa.

Mama yangu amesharudi kwake. Macho yake yamepungua nguvu, na miraba anayoisuka kwa kupapasa mimi siijui hata mmoja, kwa kuwa nilipokuwa mdogo nilikataa kuketi. Likizo ijayo binti yangu atakwenda kwake na daftari lenye miraba, aihesabu chane juu na chini, aiandike. Nami nitaketi pembeni yao.

Kazi ya wiki hii, basi: jani moja, maswali matatu, na subira.